Ukurasa wa Mgonjwa Asiye na Jina

Sehemu ya Sita

Aliyenisoma wiki iliyopita anajua nilipomwachia: kaka yule tuliyemwita Taratibu alimwaga unga, na aliyemchomea utambi kwa bosi ni mimi.

Kwa mgeni nitasema kwa kifupi. Mimi ni fundi wa tovuti. Hospitali kuu iliipa ofisi yetu kazi ya kutengeneza tovuti ya wagonjwa wasiojulikana, wale wanaookotwa barabarani na hawawezi kutaja hata majina yao. Picha ya mgonjwa, alama za mwilini, nguo alizokutwa nazo, vyote viwekwe humo ili ndugu zake wampate.

Taratibu alitaka kila mgonjwa awe na ukurasa wenye anwani yake ya kudumu. Mimi nikamnong'oneza bosi kwamba Taratibu anatuchelewesha. Bosi akamtoa. Kazi nikaimaliza peke yangu kwa siku nne, kwa njia ya mkato, nikapigiwa makofi kwenye kikao.

Leo nawaambia makofi yale yalinirudia vipi.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mzee mmoja aliingia ofisini, shati limenyooshwa, kola imesagika kwa kufuliwa. Kwapani alibana daftari la mistari lenye jalada la bluu, kama la mtoto wa shule.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Namtafuta aliyetengeneza tovuti ya hospitali. Chini kabisa pameandikwa jina la ofisi hii."

"Ni mimi, mzee."

"Vizuri. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimekuja unisahihishie kazi yangu."

Nilidhani mzaha. Nikamvutia kiti. Akafungua daftari, akaligeuza linitazame.

Kila mstari ulikuwa na tarehe, kisha maneno, kisha jibu. *Mama mzee amepotea kovu la moto kiganja cha kushoto.* Hakuna. *Mwanamke mzee gauni la maua ya zambarau hajui jina lake.* Hakuna. *Bibi anasahau amelazwa hospitali kovu mkononi.* Hakuna. Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wa ubao wa darasani, herufi zote zimesimama wima.

"Mara sitini na tatu," alisema. "Sina kompyuta. Nilikuwa nakwenda maktaba, mkutubi akanifundisha kuandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Nikawa naandika na kunakili, nisije nikarudia jambo lile lile."

"Huyu mama ni nani, Mwalimu?"

"Mke wangu. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Asubuhi moja nilikuwa naoga, akafungua mlango akaenda zake."

Nikamuuliza kama amepatikana. Sikujua nauliza nini.

"Amepatikana amekufa. Muuguzi wa wodi alichukua picha yake akazunguka nayo sokoni, akimwonyesha kila muuza mboga, mpaka akatokea mtu anayemjua. Nilipofika walikuwa wameshamzika siku mbili. Kaburi lina namba."

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Muuguzi akaniuliza, mbona alikuwa kwenye tovuti yetu wiki kumi na moja? Picha yake, kovu lake, gauni lake, vyote vipo. Sasa mwanangu, mimi nimefundisha lugha miaka thelathini na nne. Nilikosea wapi? Ni tahajia?"

Kabla hajamaliza kuuliza nilikwishajua jibu. Nikajitia hamnazo.

"Mtandao ni mkubwa, Mwalimu. Pengine maneno yako hayakulingana na yaliyokuwa kwenye ukurasa."

Akaitikia kwa kichwa. Akatoa kalamu mfukoni na chini ya mstari wa sitini na tatu akaandika, polepole, huku anatamka: "Maneno hayakulingana."

"Basi kosa ni langu," alisema. "Ahsante. Nilitaka kujua tu."

Akafunga daftari, akaacha namba yake ya simu kwa mpokezi endapo kutakuwa na la ziada, akatoka. Na mimi nikabaki nimekaa, nikautazama mlango kama mtu aliyeiba.

Niliandika maneno yake kwenye mtambo wa kutafuta. Hakuna. Nikabadilisha mpangilio. Hakuna. Kisha nikaingia kwenye tovuti yenyewe, nikajaza fomu niliyoitengeneza kwa mikono yangu: jinsia, umri, mwezi aliopokelewa. Nikabonyeza kitufe.

Akatokea. Mama mwembamba, nywele nyeupe, ametazama kamera kana kwamba imemwuliza swali gumu. *Kovu la moto kiganja cha kushoto. Gauni la maua ya zambarau. Kitanda cha kumi na nne.*

Maneno ya Mwalimu yalilingana yote. Hakukosea hata nukta.

Hapa lazima niwaeleze kosa langu, maana bila hivyo mtanionea huruma nisiyostahili. Mitambo ya kutafuta ina vijumbe vyake, programu zinazozunguka mtandaoni zikifuata kiungo kimoja hadi kingine, zikisoma na kukumbuka. Kijumbe hakijazi fomu. Hakibonyezi kitufe. Kwenye tovuti yangu kurasa za wagonjwa zilikuwa hazipo mpaka mtu ajaze fomu. Ndipo ukurasa uundwe papo hapo kutoka ghala la data, na anwani yake iwe msururu wa alama za kuuliza na tarakimu zinazobadilika kila ukiingia. Ukiondoka, imekwisha.

Nilifungua kumbukumbu za seva. Vijumbe vilikuja mara mia moja na kumi na tatu. Kila vilipokuja vilisoma ukurasa wa mbele, vikakuta fomu, vikageuka. Ndani kulikuwa na wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Nje hakuna aliyewajua hata mmoja.

Na Taratibu aliniambia. Kwa maneno haya haya, tumesimama karibu na mashine ya maji ya kunywa, aliniambia: "Dada, anayetafuta ndugu yake hataanza kwa kujaza fomu yetu. Hajui hata kama tupo. Ataandika anachokijua, kovu, nguo. Ni lazima tumfuate huko." Nikamwambia anapenda kujipa kazi.

Nilikwenda kwa bosi. Alinisikiliza amekunja mikono.

"Rekebisha," alisema. "Lakini kimya kimya. Na huyo mzee usimtafute."

"Ameondoka anaamini yeye ndiye aliyemkosesha mkewe."

"Ukimwambia vingine atarudi na mwanasheria. Mkewe ndiyo atafufuka? Fanya kazi yako."

Siwezi kusema alinilazimisha. Moyoni nilifurahi kupata mtu wa kunikataza.

Lakini kurekebisha sikuweza peke yangu. Siku ya pili yake nikamfuata Taratibu. Nilisikia anatoa fotokopi kwenye kibanda karibu na mahakama, na nikamkuta hapo, amepanga karatasi za watu kwa vibanio, kila rundo limenyooka.

"Karibu dada," alisema. "Unatoa nakala ngapi?"

"Sikuja kwa nakala."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye foleni, watu nyuma yangu wanaguna. Nilipomaliza, alimhudumia kwanza mama aliyekuwa na hati ya kuzaliwa. Kisha akauliza jambo moja.

"Mzee umemwambia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nikavitazama vibanio vyake. Akazima mashine.

"Bosi aliniambia siku ile ile ni nani aliyenisema," alisema. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Miezi minne nimengoja."

Nilianza kulia pale pale mbele ya wateja. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alinipa kitambaa cha kufutia kioo cha mashine, kina wino, nikajifuta nacho.

"Wamebaki wangapi humo?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi na mmoja."

"Basi ni kwa ajili yao. Si kwa ajili yako."

Tulifanya kazi siku sita, mchana, kwenye meza ya nyuma ya kile kibanda. Kila mgonjwa tulimpa anwani fupi isiyobadilika, inayosomeka kama maneno. Kwa mkato wangu kurasa zote zilikuwa na kichwa kimoja, "Matokeo". Taratibu alitikisa kichwa alipoliona hilo.

"Watu mia mbili umewapa jina moja?"

"Ilikuwa haraka."

"Mwite mtu kwa kile ndugu yake atakachomtafutia."

Tukaketi kuviandika upya, kimoja kimoja. *Mwanaume wa miaka kama arobaini, vidole viwili vya mguu wa kulia havipo. Msichana, hasikii, bangili ya shaba.* Alama za mwilini nilikuwa nimezibandika juu ya picha zipendeze. Tukazitoa huko tukaziandika kama maandishi, kwa sababu kijumbe kinasoma maandishi, hakikodolei picha macho. Mwisho tukatengeneza orodha ya wagonjwa wote, ya viungo vya kawaida visivyodai fomu wala kitufe, na ramani ya tovuti tukaituma kwa mitambo ya kutafuta ijue kuna nini ndani.

"Sasa tungoje," alisema Taratibu. "Hili haliharakishwi hata na wewe."

Siku ya tisa simu ya wodi ilipigwa. Mwashi mmoja, wa mji ambao ni mwendo wa siku mbili kwa basi, aliandika "mdogo wangu hana vidole viwili vya mguu" na akauona uso wa mdogo wake. Muuguzi alitupigia kutueleza. Alisema mwashi alipofika alishika kwanza ule mguu wenye vidole vitatu.

Taratibu alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimfuate. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda nikakaa juu ya boksi la karatasi. Nilikuwa nahesabu wiki kumi na moja.

Kesho yake, saa tatu na dakika chache, simu yangu iliita. Namba nilikuwa nimeihifadhi bila kuipiga; yangu alipewa na mpokezi.

"Mwanangu, ni Mwalimu. Niko maktaba."

"Shikamoo, Mwalimu. Bado unakwenda maktaba?"

"Sina pengine pa kwenda asubuhi. Miguu imezoea. Nikifika naandika yale maneno, kisha nasoma gazeti." Akakohoa. "Leo nimeandika ya siku ya kwanza. Ametokea. Wa kwanza kabisa, juu."

Tulikuwa tumewapa anwani wagonjwa wote waliokuwa ghalani, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumtoa aliyekufa.

"Ameandikwa, anatafutiwa ndugu," alisema Mwalimu. Sauti yake haikupanda. "Sijabadilisha neno. Kwa hiyo si maneno."

"Si maneno, Mwalimu."

"Basi njoo nyumbani unieleze. Na ukija, uje na kila kilichoandikwa juu yake."

Bosi hakujua, na nisingemwuliza. Nilifungua ghala la data, nikamtafuta mama wa kitanda cha kumi na nne. Kulikuwa na sehemu moja ambayo sikuwahi kuionyesha kwenye tovuti kwa sababu ilikuwa ndefu: maelezo ya zamu. Yule muuguzi alikuwa akiandika mistari michache kila siku. Nilichapisha karatasi tisa. Nilisoma nusu ya ile ya kwanza nikashindwa, nikazikunja nikaweka kwenye mkoba.

Aliyenifungulia mlango ni binti yake, mwanamke wa makamo, bado yuko na sare yake ya kazi, ya kijani, jina la duka la dawa limeshonwa kifuani. Alinitazama miguu mpaka kichwa.

"Usikae sana, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Baba amechoka. Sote tumechoka."

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Kwenye kitasa cha mlango kulikuwa na kengele ndogo imefungwa kwa uzi, ya kuwajulisha mgonjwa akitaka kutoka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifungua.

Mwalimu alinionyesha kiti. "Huyu ndiye mwanangu wa pekee," alisema, akimwonyesha binti aliyekuwa anaelekea jikoni. "Ndiye aliyemwogesha mama yake miaka sita, akamlisha, akamfulia. Alikataa posa mbili kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa msaidizi wake tu."

Nilipiga moyo konde nikasema. Nilisema fomu, nilisema vijumbe, nilisema siku nne za njia ya mkato. Nilimsema Taratibu na nilivyomponza. Nilisema kwamba siku ile ofisini nilijua, na nikamwacha aandike kwenye daftari lake kwamba kosa ni lake.

Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliliendea kabati, akatoa daftari la bluu, akafungua ukurasa wa mwisho. Akakata ule mstari kwa rula, mara moja, akalirudisha.

"Ningempata," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Akiwa hai."

"Ndiyo."

Ningependa anitukane. Jikoni vikombe viligongana kidogo, kisha vikanyamaza.

"Umeniletea nilichokuomba?"

Nikatoa karatasi.

"Nisomee. Maandishi ya mashine ni madogo, na leo macho hayanisaidii."

Nikaanza. "Siku ya nne. Amekula uji nusu bakuli. Anasema mumewe yuko shuleni, atampitia kengele ikilia."

Mwalimu alifumba macho. "Endelea."

"Siku ya tisa. Amekunja shuka na kukunjua tangu asubuhi. Nimemuuliza ni nini, anasema ni madaftari ya wanafunzi, yasichanganyike."

Alicheka. Kicheko kifupi, kilichomtoka bila ruhusa. "Alikuwa ananipangia," alisema. "Kila Ijumaa. Darasa la sita juu, la saba chini."

"Siku ya kumi na tano. Mguu umevimba, daktari amemwona. Ameuliza kama kengele imeshalia."

Alinipa ishara ya mkono niendelee. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, alikuwa anasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka mbali. Nikaona kwamba pamoja na yote, nilikuwa nampa kitu. Nikageuza karatasi.

Siku ya ishirini na sita ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Macho yangu yalitangulia sauti.

*Mchana amekuja mwanamke wa makamo, sare ya kijani ya duka la dawa. Amepita kitanda kimoja kimoja mpaka cha kumi na nne. Amekaa naye saa nzima. Amemchana nywele, amemkata kucha. Nimemuuliza kama ni ndugu yake, amesema hapana, amemfananisha tu. Ameniomba nisimwandike. Ametoka analia.*

Nilisoma tarehe tena. Baada ya siku hiyo yule mama aliishi wiki saba na zaidi.

Nitaungama na hili, maana nimeahidi kutoficha. Kitu cha kwanza kilichonijia si huruma. Ilikuwa ni nafuu. Kwamba si mimi peke yangu. Nimefanya mengi ya aibu kwenye hadithi hii, lakini ile nafuu, mbele ya mzee yule, ndiyo inayoniamsha hadi leo.

Nilipoinua uso, binti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la chai. Alikuwa akisikiliza kwa muda gani sijui. Alizitazama karatasi mkononi mwangu, akaona nimefika wapi, kwa sababu siku hiyo aliijua kuliko sisi wote. Hakutikisa kichwa. Hakunikonyeza wala kuniomba kwa macho. Alishika tu sinia.

Mwalimu alikuwa bado amefumba macho. Ningeweza kuruka. Ningesoma siku ya ishirini na saba, asingejua mpaka anaingia kaburini. Ningemwachia mwanawe. Lakini nilikuwa nimemdanganya mara moja tayari, kwa kisingizio kizuri vile vile.

"Siku ya ishirini na sita," nilisema, nikaishia hapo.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Alisema nini siku hiyo?"

Binti akaliweka sinia juu ya meza, akakaa kwenye kiti kilicho kando ya baba yake, akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Soma, dada," alisema.